Kaanguka mchikichini, miguu inacheza, lakini mkojo hautoki

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya kandokando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma mjini. Juma lililopita tuliletewa kijana wa miaka 24, mkwezi wa michikichi. Kamba ya kukwelea ilikatika akiwa juu anakata mkungu, akatua kwa matako. Tulimfunga kwenye ubao tukampeleka mjini, na picha ikaonyesha pingili ya L1 (ya kwanza ya kiuno) imepondeka. Kitandani anakunja goti, analinyoosha, anainua unyayo. Kinachomshinda ni kukandamiza chini kwa vidole. Tatizo kubwa ni mkojo: tangu aanguke hajakojoa mwenyewe, yuko kwenye mpira, na anasema habanwi, anahisi uzito tu chini ya kitovu.

Daktari wa zamu aliniambia seli za S2 hadi S4 zimeumia. Kitabuni kwangu S2 hadi S4 ni sakramu, mfupa ulio chini ya kiuno, na kwenye picha sakramu yake ni nzima kabisa. Halafu kwenye mchoro wa ugwe mgongo naiona pembe ya kando kifuani, ila kwenye sakrali haipo. Hizo seli zinakaa wapi hasa? Na mwenzangu anasema siku hizi si parasimpathetiki tena, ni simpathetiki, ule upande mwingine wa neva zinazojiendesha bila hiari. Nishike lipi?

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Mlimfunga ubaoni kabla ya kumsafirisha, na huenda hilo ndilo lililomwachia miguu. Nianzie pale ulipokwama, maana wengi hukwama hapo hapo: S2 ya mfupa na S2 ya ugwe ni vitu viwili, na havikai mahali pamoja.

Uti wa mgongo ni mifupa, pingili juu ya pingili. Ugwe mgongo ni kamba ya neva inayopita ndani ya mfereji wa mifupa hiyo. Mimba ikiwa ya miezi mitatu, ugwe umejaa mfereji wote mpaka chini, na kila neva inatokea ubavuni moja kwa moja kwenye tundu lake. Baada ya hapo mifupa inarefuka kuliko ugwe. Mtoto akizaliwa, ncha ya ugwe iko kama usawa wa L3. Akiwa mtu mzima, imebaki juu kati ya L1 na L2. Ugwe wa mwanaume mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, basi, na mfereji unaendelea chini bila ugwe ndani yake. Neva zenyewe hazikuhama matundu yake. Neva ya S3 bado inatokea kwenye tundu la tatu la sakramu, lakini kipande cha ugwe kilichoizaa kiko huko juu, nyuma ya L1. Ndiyo maana mizizi ya neva za chini inaning'inia ndani ya mfereji kama nywele za mkia wa farasi, na vitabu vimeiita jina hilo hilo.

Basi panga hivi kichwani. Vipande vitano vya kiuno vya ugwe vimekaa takriban nyuma ya pingili za kifua, T10 hadi T12. Vipande vitano vya sakrali na kile kimoja cha kifandugu vimebanana nyuma ya T12 ya chini na L1. Vipande sita katika kimo cha pingili moja na kitu! Hapo ndipo ugwe unapochongoka kama ncha ya penseli. Na hapo hapo ndipo mtu anayetua kwa matako anapovunjika mara nyingi, kwa sababu juu kifua kimeshikwa imara na mbavu, chini kiuno kinacheza, na nguvu yote ya kuanguka inaishia kwenye maungio ya hivyo viwili. L1 inapopondeka, kipande cha mfupa kinasukumwa nyuma kwenye mfereji, na kinachokikuta ni sakrali yote. Daktari wa zamu alikuwa sahihi, na sakramu yako nzima kwenye picha haimpingi.

Ukipata nafasi, nenda kwa muuza nyama akupasulie mgongo wa mbuzi kwa urefu. Vaa glavu. Ndani ya mfereji utakuta kamba nyeupe yenye unene kama wa kalamu, imevikwa gamba gumu linalong'aa. Chana gamba hilo, na ndani utakuta kitu laini kinachobonyea kwa kidole kama siagi. Kumbuka tu kwamba kwa mbuzi ugwe unashuka chini zaidi, mpaka eneo la sakramu. Wa kwetu umeishia juu. Kisha ukate kwa upana kwa wembe mpya, kata moja kifuani, moja karibu na ncha. Utaona katikati umbo la kipepeo lenye rangi ya kijivu inayoelekea pinki, limezungukwa na weupe. Kile kipepeo ndiko seli zinakokaa. Weupe ni waya zinazopita tu. Nimewafundisha wanafunzi kwa michoro miaka mingi, na hakuna mchoro uliowahi kufanya kazi ya ule mgongo wa mbuzi: mtu akishabonyeza ugwe kwa kidole chake mwenyewe, haulizi tena kwa nini mgonjwa aliyevunjika mgongo hageuzwi ovyo.

Sasa pembe ya kando. Kifuani, ubavuni mwa kipepeo kuna kinundu kidogo kilichochongoka. Kimejaa seli za simpathetiki, kinaanzia T1 na kuishia L2, wakati mwingine L3. Ukishuka zaidi kinapotea. Kuanzia hapo mpaka S1 ni himaya ya miguu: pembe za mbele zimevimba kwa seli kubwa zinazoamuru misuli ya mapaja na nyayo, na huko hakuna seli za mfumo unaojiendesha zinazopeleka waya kwenye viungo vya ndani. Gaskell na Langley, Waingereza waliochora ramani ya neva hizi mwishoni mwa karne ya 19, waliliona pengo hilo, na ndilo lililowafanya wazihesabu neva za sakrali kuwa kundi la peke yake. Langley ndiye aliyeupa mfumo huu jina lake la kujiendesha, mwaka 1898.

Ukifika S2, seli zinarudi, mpaka S4. Safari hii hazikujenga kinundu, na ndiyo sababu mchoro wako hauna pembe. Zimejipanga kwenye ukingo wa nje wa kijivu, pale katikati ya pembe ya nyuma na pembe ya mbele, kwenye eneo ambalo Bror Rexed wa Uswidi alilipa namba 7 alipogawa ugwe wa paka katika tabaka mwaka 1952. Kundi hilo huitwa nyukliasi ya parasimpathetiki ya sakrali. Kwenye slaidi iliyotiwa rangi huwezi kuzichanganya na seli za misuli. Seli ya msuli ni kubwa, ina pembe nyingi, na kiini chake kinakutazama kama jicho. Hizi ni ndogo zaidi, nyingi zimechongoka pande mbili kama mtumbwi ukitazamwa kutoka juu. Zina matawi marefu kuliko unavyotarajia kwa umbo lake: mengine yanatoka nje na kuingia kwenye weupe, mengine yanapanda ukingoni mwa pembe ya nyuma kwenda kupokea habari za kibofu zinapoingia tu, mengine yanaelekea katikati, karibu na kile kitundu cha ugwe. Kwa paka, ambaye kachunguzwa sana katika hili, kundi lina mikanda miwili: ule wa nyuma unahudumia utumbo mpana, ule wa kando unahudumia kibofu.

Hatua chache tu kutoka hapo, kwenye pembe ya mbele ya S2, kuna kundi jingine unalopaswa kulijua, la Onuf. Bronislaw Onuf-Onufrowicz alilieleza mwaka 1899 akiwa New York. Lenyewe ni la misuli ya hiari, ile inayobana njia ya mkojo na njia ya haja kubwa, na waya zake hupita kwenye neva ya pudendali. Lina tabia ya ajabu: ule ugonjwa (ALS) unaoua seli zinazoamuru misuli mwili mzima kidogo kidogo mpaka mtu ashindwe kumeza, kwa kawaida hauligusi kundi hili, na hata polio huliacha. Lakini kipande cha mfupa hakichagui. Kikiiponda S2, kinaponda jirani wote wawili, anayesukuma mkojo na anayeuzuia.

Turudi kwa kijana wako. Kwa nini miguu imebaki? Anayekunja nyonga ni L2, anayenyoosha goti ni L3, anayeinua unyayo ni L4, wa kidole gumba ni L5. Seli za hao wote ziko juu ya mahali alipovunjika. Mizizi yao, ndiyo, inapita pembeni mwa ncha ya ugwe ikishuka, lakini mizizi huvumilia kubanwa kuliko ugwe wenyewe. Kukandamiza chini kwa vidole ni kazi ya S1 na S2, nako ndiko mpaka wa jeraha ulikoanzia. Ulikiona kitu hicho ukakiandika, na ndicho kilichonionyesha kimo cha jeraha kabla sijafika kwenye habari za mkojo.

Na mkojo? Waya za seli za S2 hadi S4 hutoka kwa mzizi wa mbele, hushuka na mkia wa farasi mpaka matundu ya sakramu, kisha huingia kwenye mtandao wa neva ulio pembeni mwa kibofu na rektamu (utumbo wa mwisho kabla ya njia ya haja kubwa). Huko, karibu kabisa na kibofu au ndani ya ukuta wake, hukutana na seli ya pili kwenye ganglia (fundo la seli za neva), nayo humwaga asetilikolini, kemikali ya kupeleka amri, kwenye msuli wa kibofu. Bila hiyo, msuli haujikunji. Wakati huohuo simpathetiki ya T11 hadi L2, ambayo seli zake ziko juu ya jeraha, bado inafanya kazi yake ya kukilegeza kibofu na kubana shingo yake. Kwa hiyo kibofu kinajaa, hakuna wa kukisukuma, na mlango wa juu umefungwa.

Ule uzito anaousema una maelezo pia. Habari za kubanwa na mkojo hupanda hasa kwa neva zilezile za nyonga kuingia S2 hadi S4, na kwake njia hiyo imekatika. Ila baadhi ya habari za kibofu kilichojaa huambatana na neva za simpathetiki na kuingia ugweni juu zaidi, kati ya T10 na L2. Hizo bado zinafika, ni hafifu, hazina jina, mtu anasema "uzito" tu. Mwambie autumie kama kengele yake: akiusikia, kibofu kimejaa.

Kuna jambo ambalo hatalisema mbele ya mama yake. Kusimama kwa uume kwa kuguswa kunategemea seli hizihizi za sakrali. Kunakotokana na mawazo kunaweza kupitia T11 hadi L2, na kwake njia hiyo ipo. Muulize mkiwa wawili, mlango umefungwa, na umweleze kwa maneno ya kawaida. Miaka 24 ni umri wa kulibeba jambo hili moyoni akanyamaza, na wengi hunyamaza mpaka ndoa ikavunjika.

Hukuniandikia kama mlimpima hisia za makalioni, na hapo nitakuomba kwa msisitizo. Pamba na sindano butu, pembezoni mwa njia ya haja kubwa, pande zote mbili. Hapo ni S3 hadi S5. Kisha kidole chenye glavu ndani, mwambie abane. Kisha, kidole kikiwa humo, vuta mpira wa mkojo taratibu kidogo: njia ikijibana yenyewe kwenye kidole chako, mzunguko wa sakrali uko hai. Siku za kwanza jibu la hapana halitoshi kukata tamaa, kwa sababu ugwe ulioshtuka hunyamaza kwa muda, na kibofu kinaweza kulegea kwa siku au majuma hata kama seli hazikufa. Rudia. Akiwa na hisia hata kidogo upande mmoja, matumaini yanabadilika kabisa, na madaktari wa upasuaji wanataka kulijua hilo mapema.

Nasisitiza kwa sababu nililiona mwenyewe. Nikiwa daktari mpya, wodini nilikokuwa, tulimruhusu mkwezi mwingine kwenda nyumbani kwa kuwa alitembea hatua chache akishikilia kitanda. Hakuna aliyemgusa makalioni, mimi nikiwemo. Siku ya tatu alirudi, tumbo limevimba mpaka kitovuni, mkojo ukidondoka matone kwenye suruali, na ndugu zake wakashukuru kwamba "anakojoa." Yalikuwa matone ya kibofu kilichofurika. Tulitoa zaidi ya lita moja na nusu. Kibofu kilichotanuliwa namna ile kinaumia msuli wenyewe, hata kama seli zingeamka baadaye.

Kujua kama seli zimekufa au zimekatiwa tu mawasiliano na ubongo kunabadilisha matunzo ya miaka yote ijayo. Aliyevunjika juu zaidi, tuseme T6, seli zake za sakrali ni nzima ila hazisikii amri kutoka juu. Mshtuko ukiisha, kibofu kinaanza kujikunja chenyewe, mara nyingi huku mlango umebana, na shinikizo hilo linarudi juu na kuharibu figo. Aliyevunjika kama wako, mwenye seli zilizopondwa, kibofu kinabaki kilegevu. Figo zake ziko salama zaidi, alimradi kimwagwe kwa ratiba. Akitulia, mpira wa kukaa uondolewe, afundishwe kujiwekea mwenyewe mpira wa kutoa mkojo kila baada ya saa 4 hadi 6, kiasi kisizidi mililita 500 kwa mara moja. Haja kubwa nayo iwe na ratiba, kwa sababu sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na rektamu inategemea seli zilezile. Utumbo wa juu yake unahudumiwa na neva ya vagasi inayoshuka kutoka kichwani, ambayo haikuguswa.

Kwa kuwa uko ziwani, niongeze moja. Akija kijana ambaye hakuanguka popote, mwenye maumivu ya kiuno, miguu inayolegea ndani ya siku au majuma, na mkojo uliozuiwa, usifikirie kifua kikuu cha mgongo peke yake. Fikiria kichocho. Mayai ya kichocho cha tumbo, aina iliyopo Ziwa Tanganyika, yanaweza kupanda kwa vena za mgongo zisizo na vali na kukwama kwenye ncha ya ugwe, mahali hapahapa tunapopazungumzia. Anatibika kwa prazikwanteli pamoja na dawa za steroidi, na kuchelewa kunamgharimu, kwa hiyo mpe rufaa siku hiyohiyo.

La mwenzako sasa. Hakulitunga. Mwaka 2016 watafiti wa Paris walichapisha kazi waliyoifanya kwa viinitete vya panya. Waliangalia jeni zinazowashwa seli zinapoumbwa, wakakuta seli za sakrali zinafanana na za kifuani, na hazifanani na za parasimpathetiki za kichwani. Wakapendekeza mfumo wote wa ugweni uitwe simpathetiki. Wanaanatomia wengine walipinga, na hoja zao zina uzito: seli za sakrali hukikunja kibofu wakati zile za juu hukilegeza, zinaunganika kwa njia tofauti, na jina la parasimpathetiki tangu mwanzo lilitolewa kwa mahali zinapotokea na kazi zinazofanya. Mimi naona swali lao kuhusu asili ya seli ni zuri, ila halijatosha kubadilisha jina. Kwenye mtihani andika parasimpathetiki ya sakrali, S2 hadi S4. Kitandani kwa mgonjwa jina halibadilishi kitu: dawa za kundi la atropini bado zitakilegeza kibofu, kwa hiyo kijana wako asipewe, na akiandikiwa dawa ya tumbo au ya usingizi, angalia kama haina tabia hiyo.

Ukirudi wodini, fungua faili lake uandike kimo mara mbili, kwenye mistari miwili tofauti. Mfupa: L1. Ugwe: S1 kushuka chini, na pembeni matokeo ya pamba, kidole na mpira, na tarehe ya siku uliyopima.